Nimetumia huduma ya kupeleka kilio cha mtaa mpaka Dodoma, naipa nyota tatu na moja kati ya hizo ni ya huruma

Nianze kwa kusema mimi sio mwanasiasa, mimi nina steshenari. Kibanda kidogo tu, printa mbili moja mgonjwa, mashine ya fotokopi moja ambayo nikiiwasha taa za saluni ya jirani zinapepesa. Kilichonifanya niandike ni kwamba kibanda chenyewe kiko hatua kama ishirini kutoka ofisi ya serikali ya mtaa wetu, kwa hiyo kwa miaka sita sasa karibu kila karatasi inayotoka pale inapita mikononi mwangu kwanza, barua za utambulisho, mihtasari ya vikao, matangazo ya usafi wa Jumamosi, na ile ninayotaka kuizungumzia leo, karatasi ya vipaumbele. Mtaa wenyewe siutaji, uko hapa hapa Dar, pembeni ya bonde, wenye kujua watajua.

Watu wanazipa nyota simu, chipsi, lodge, fundi wa friji, mbona hii huduma hakuna anayeipa nyota? Na ni huduma kabisa, tunailipia. Kila mwaka kuanzia kama Septemba hivi mnaitwa mkutano, mnaulizwa mnataka nini, mnasema, inaandikwa, inaondoka. Inakoenda ndo watu wengi hawajui, na mimi pia nilikuwa sijui mpaka nilivyoanza kusoma ninachokichapa (ndiyo nasoma, msinilaumu, ukichapa lazima usome).

Njia yenyewe iko hivi. Mkutano wa mtaa unaibua, ndo neno lao hilo, kuibua, mradi ukishasemwa na mwananchi wanasema umeibuliwa. Ule utaratibu wa fursa na vikwazo uliokuja miaka ya 2000 mwanzoni ndo ulileta lugha hiyo, kwamba mipango ianzie chini ipande juu. Kutoka mtaani inaenda kata, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani na katibu wake mtendaji wa kata. Pale mitaa yote ya kata inagongana. Kutoka kata inaenda halmashauri, wataalamu wanaichambua, inapita kwenye kamati za madiwani, inafika Baraza la Madiwani, na wabunge nao ni wajumbe wa lile baraza, hilo mlishike nitalirudia. Halafu Kamati ya Ushauri ya Mkoa, halafu TAMISEMI (ile ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri) na Hazina, halafu Bunge kuanzia Aprili, Juni waziri wa fedha anasoma bajeti, Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Yaani maneno aliyoyasema bibi mmoja chini ya mwembe mwezi wa tisa yanatakiwa yasafiri miezi tisa kabla hayajawa kitu. Mimba ya mtu kabisa.

Msimu wetu wa kwanza ninaousimulia hapa ulikuwa wa aibu. Viti vya plastiki vya kukodi, spika moja inakwaruza, watu kama themanini, na kila aliyesimama alikuwa na lake. Zahanati. Mtaro. Taa za barabarani. Maji yanatoka usiku tu. Barabara ya vumbi. Ulinzi shirikishi wanataka sare. Mama ntilie wanataka eneo. Vijana wanataka kiwanja, kile cha zamani kimeota nyumba. Mzee mmoja akataka makaburi, maana yale tuliyonayo yamejaa, na watu wakacheka lkn mzee hakuwa anatania. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema sana na asiyependa kumkatalia mtu, akawa anaitikia tu, tumelipokea, tumelipokea. Jioni akaniletea kitabu cha mkono nikachapa. Vipaumbele kumi na moja. Nikamuuliza, "Mwenyekiti shikamoo, sasa hapa kipaumbele ni kipi?" Akanijibu, "Marahaba dada, vyote."

Basi. Kikishakuwa vyote hakuna hata kimoja, nilikuja kuelewa baadaye.

Cha namba nne kwenye ile orodha ndo kilikuwa kinaniuma mimi binafsi kwa sababu mwanangu anapita pale. Kuna kijito kinakatiza kati ya mtaa wetu na shule ya msingi, kiangazi unakiruka kama mfereji, masika na vuli kinageuka mnyama. Mvua ikichachamaa kuna vijana wanakaa pale wanavusha watoto mgongoni kwa jero, na ukiwa na watoto wawili asubuhi na jioni hesabu mwenyewe, usipotaka unazunguka na bodaboda kwa buku na zaidi. Tulitaka kidaraja cha watembea kwa miguu. Sasa mimi kwenye kuchapa nikaandika "kivuko", si ndo tunavyokiita huku kwetu, kivuko. Nikaja kuambiwa miezi baadaye kwamba mtu mmoja kule juu aliuliza huo mtaa una bahari, maana Dar ukisema kivuko mtu anaona pantoni la Kigamboni. Inachekesha leo. Siku ile niliambiwa sikucheka, nilihisi nimekizamisha mimi.

Lkn hata nisingekosea kisingefika, kwa sababu ya flashi. Hii stori ya flashi ndo imenifanya hatua ya kata niipe nyota mbili. Siku moja kabla ya kikao cha kata akaja kijana ametumwa, sitasema na nani, na flashi yake, anataka nimtolee nakala ishirini za "vipaumbele vya kata". Nafungua faili naona tarehe ya mwaka juzi. Namwambia kaka hii ya zamani. Ananiambia ndiyo dada, badilisha tu mwaka pale juu. Nikabadilisha mwaka. Ilikuwa na madarasa ambayo yalishajengwa tayari na watoto wanasomea. Karatasi yetu ya mambo kumi na moja, na ya mitaa mingine, zilikuwa kwenye bahasha ya kaki mezani kwa mtu, hazijafunguliwa. Nikatoa nakala ishirini, kila moja kurasa tatu, nikalipwa, na mpaka leo ile hela naiona kama nilihongwa.

Kabla hamjaanza kuwatukana watu wa kata, sikilizeni upande wa pili, maana msimu wa pili nilikaa nao nikaelewa kidogo. Kinachoua hizi orodha kinaitwa ukomo. Ukomo wa bajeti. Serikali kuu inatoa mwongozo, inaiambia halmashauri mwaka ujao mpango wenu usizidi hapa. Ndani ya ukomo huo kuna mishahara, kuna miradi ya kitaifa ambayo tayari imeshapangwa, kuna viporo, ile mijengo iliyofika usawa wa linta ikasimama. Ukishatoa vyote hivyo kinachobaki cha kugawana ni kidogo mno, na kwenye mapato ya ndani asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi, 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mtendaji anajua tangu mwanzo kwamba mkileta kumi na moja hamna hata viwili vitakavyopita, na mwenye roho nyepesi anaona bora abadilishe mwaka tu. Simtetei. Naeleza tu kwa nini anapata usingizi.

Kingine ambacho hakuna aliyetuambia kwenye ule mkutano, nusu ya tulivyoomba halmashauri haina uwezo wa kuvitoa hata ikitaka. Barabara za mitaani tangu Julai 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ambayo ipo chini ya TAMISEMI, hazipo kwa diwani. Barabara kubwa ni TANROADS. Maji DAWASA. Umeme TANESCO. Sasa diwani wako ukimwambia tunataka lami, na yeye anaenda kuomba. Mkurugenzi na yeye anaomba. Tunadhani tunampelekea mwenye duka kumbe tunampelekea mteja mwenzetu aliyesimama mbele yetu kwenye foleni.

Na hapa nitoke nje kidogo. Ile kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na ghorofa kila sakafu 7,500. Zamani hiyo ilikuwa hela ya manispaa, watu wa manispaa walikuwa wanapita na madaftari yao wanagonga mageti. Ikachukuliwa na TRA. Kwa mji kama huu, watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 na majumba yanaota kila siku, majengo ndo mgodi wenyewe. Mimi nimechapa vipaumbele vya mitaa kadhaa kwa miaka sita, sijawahi hata siku moja kuona mtaa au kata imeandika kwamba kipaumbele chetu ni sehemu kubwa zaidi ya kodi ya majengo irudi hapa. Tunaomba zahanati, tunaomba darasa, tunaomba kalavati. Ombi ambalo lingelipa maombi mengine yote halipo kwenye karatasi ya mtu, kwa sababu halipigwi picha likizinduliwa.

Wazo hilo sikulitoa kichwani kwangu. Nina mdogo wangu anaishi Marekani, mji mdogo jirani na Seattle, nikawa namlalamikia kwenye simu akaniambia subiri dada, akanitumia karatasi ya mji wao ya mambo wanayokwenda kuomba kwenye bunge la jimbo. Kule jimbo la Washington bunge lao linafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari, mwaka mmoja linakaa siku 105, mwaka mwingine 60 tu, likifungwa limefungwa. Kwa hiyo baraza la mji linakaa mapema kabla ya hapo, linabishana, linapiga kura, linatoka na karatasi moja ambayo meya, madiwani na mtu wao waliyemuajiri kwa kazi hiyo ya ushawishi wote wanaishika hiyo hiyo. Kurasa mbili! Nikaichapa nikaibandika ukutani kibandani. Vitu viwili vilinigusa. Kwanza wametenganisha, haya machache ndo tutayasukuma sisi wenyewe mpaka mlangoni, haya mengine tutaunga mkono tu mwingine akiyasukuma. Hakuna mtu amekataliwa hapo, na orodha bado fupi. Pili, sio yote ni kuomba hela. Mengine ni kuomba sheria ibadilishwe, na mengine ni kusema tafadhali msituguse, msitupokonye chanzo hiki cha mapato na msitubebeshe kazi mpya bila hela yake. Nikakumbuka LUKU yangu.

Sisemi wao wamefika. Mdogo wangu mwenyewe anasema kuna ombi liko kwenye hiyo karatasi tangu amehamia pale na halijajibiwa. Lkn angalau analijua. Mimi la kwetu nililitafuta kwenye bahasha ya kaki.

Msimu wa pili nikamwendea mwenyekiti mapema, mwezi wa nane, na ile karatasi nimemtafsiria. Alisoma akakaa kimya, akasema dada mimi nikiwaambia watu nachukua kimoja watanila nyama. Nikamwambia usiseme umechukua kimoja, sema cha kusukuma ni kimoja na vya kuunga mkono vyote vilivyobaki. Akacheka, akasema hiyo ni siasa. Nikamwambia ndiyo baba, si ndo kazi yako.

Mkutano ulichukua masaa manne. Wa zahanati na wa kidaraja walikaribia kushikana mashati, na ukweli usemwe, zahanati ni muhimu kuliko kidaraja, mimi mwenyewe ningeipigia kura. Aliyetuamulia ni yule mzee wa makaburi. Akasimama na bakora yake akauliza, "Kiwanja cha zahanati kiko wapi?" Kimya. Hatuna. Mtaa mzima hauna eneo la wazi hata la kuchezea bao, tulishajijengea wenyewe. Akauliza tena, "Na daraja mtalijenga hewani?" Hapana mzee, lile eneo ni la mto, la umma, na pande zote mbili kuna njia tayari, ni nyumba mbili tu zimebana ukuta. Akakaa. Ikaisha hivyo. Kwa hiyo kilichoshinda sio tulichokihitaji zaidi, kilichoshinda ni ambacho kina mahali pa kukaa, na hilo bado linanikera, kwa sababu kwa mtindo huo mitaa iliyobanana kama yetu haitapata zahanati mpaka kiama.

Basi tukaamua kukiandalia faili hicho kimoja kama bibi harusi. Kijana mmoja wa mtaani fundi ujenzi akapima upana wa kijito sehemu tatu, kiangazi na baada ya mvua. Mwalimu akatupa idadi ya wanafunzi wanaotokea upande wetu. Wale wenye nyumba mbili waliandika kwa mkono wao kwamba watarudisha ukuta nyuma bila kudai fidia, mwenyekiti akagonga muhuri, na niwaambie ile karatasi moja ilifanya kazi kuliko zingine zote kwa sababu neno fidia ndo linawatoa jasho wataalamu. Picha tukapiga siku ya mvua, watoto mgongoni, maji kiunoni. Tukachanga mchanga na mawe tukaandika kama nguvu za wananchi. Jina safari hii nikachapa mwenyewe kwa herufi kubwa, DARAJA LA WAENDA KWA MIGUU, pantoni hakuna.

Kikao cha kata nilikaa nyuma kabisa kama mtoa nakala. Diwani anaendesha vizuri, simjui kwa undani lkn kikao anakiweza. Mitaa mitano, kila mmoja umeleta litania lake, saba, tisa, kumi na mbili, sisi tumeleta moja na kiambatanisho. Ukawa kama mnada. Mtaa wa jirani wakatuambia tukiunga mkono matundu ya vyoo vya shule yao wataunga mkono daraja letu, na kwa kuwa watoto wetu ndo wanasoma shule hiyo hiyo ikawa rahisi. Tukatoka namba mbili ya kata. Namba moja madarasa. Yule kijana wa flashi alikuwepo, hakunitazama usoni.

Halmashauri nilidhani ndo watatufukuza na badala yake ndo walikuwa wepesi zaidi. Tulienda watatu, mwenyekiti, mwalimu na mimi, tukapanda mwendokasi tumesimama njia nzima. Afisa mipango dada mdogo tu, akafungua faili akasema hili halimo kwenye fungu letu, njia na madaraja ya mitaani yana wakala wake, lkn msiondoke. Akatufundisha neno jipya, maombi maalum. Kumbe halmashauri ikishajaza ukomo wake, yale mazito yasiyoenea inaruhusiwa kuyaandikia ombi la pembeni kwenda TAMISEMI, nje ya ukomo. Akasema ya pembeni yako mengi na mengi yanarudi mikono mitupu, yanayofika ni yale ambayo mbunge ameyashika na mkoa umeyataja. Na hapo ndo nikawaambia mlishike, mbunge ni mjumbe wa baraza, amekaa kwenye kiti kilekile na madiwani wenzake, akipiga kura baraza hana kisingizio cha kusema Dodoma hajasikia. Yule dada afisa mipango akatuelekeza pia tupeleke nakala kwa wakala wa barabara wa wilaya, tukapeleka siku hiyohiyo, injinia alikuja kupima baada ya wiki kadhaa, na vipimo vyake na vya fundi wetu vilitofautiana kidogo sana mpaka fundi akalewa sifa.

Sasa tatizo kubwa la hii huduma kwa Dar, ambalo sio la mtu mmoja. Mji huu ukitaka kuongea na serikali kuu hauna mdomo mmoja. Tuna halmashauri tano, Jiji la Dar es Salaam ambalo ndo Ilala ya zamani, Kinondoni, Temeke, halafu Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni iliyomegwa kutoka Temeke. Zamani kulikuwa na ile Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa zote, ikavunjwa Februari 2021 Ilala ikapandishwa hadhi. Wengi walisema afadhali, maana ilikuwa inabeba meya wa ziada na magari ya ziada huku kazi nyingi ziko manispaa, na mimi sikulia. Ila sasa jambo linalopita mipaka nani analisemea? Kijito chetu kinaanzia halmashauri nyingine. Wakichimba mtaro kule juu maji yanatukuta sisi huku chini mapema zaidi. Meza pekee wanayokutana wote watano ni ya mkoa, na mkoa mwenyewe ni tawi la serikali kuu, yaani unamtuma mtoto wa baba akamuombee kwa baba. ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa, ipo tangu 1984 inazisemea halmashauri zote nchini, ila pale Dar ni sauti moja kati ya nyingi na Dodoma inasikia zote kwa pamoja.

Mfano wa ombi la mji lililofanikiwa kweli upo, bonde la mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wengi hapa, familia zikahamishiwa Mabwepande. Jangwani pakaendelea kujaa, mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi kikajengwa palepale kwenye mkondo na mabasi yakawa yanaoga. Kilichobadilisha mambo, kwa nilivyofuatilia, sio kulia zaidi, tulishalia sana. Ni kwamba walikaa wote, watu wa mabondeni, wataalamu, halmashauri, wizara, wakaandika mpango mmoja wa bonde zima, 2019 ukawa umekamilika, na 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi nao wakaweka chao. Daraja la Jangwani limo humo. Miaka kumi na moja tangu maji ya 2011. Ukiniuliza mimi hiyo ni nyota nne kwa karatasi na nyota moja kwa mwendo, na kwa waliovunjiwa nyumba nyota wajaze wenyewe, kila mtu kwa fidia yake.

Turudi kwenye kidaraja. Aprili bajeti ya TAMISEMI ilivyokuwa inasomwa nilifungua laivu kwenye simu nikaiegemeza kwenye printa, wateja wakawa wananiuliza dada leo kuna mechi? Nikawaambia ndiyo, tunacheza ugenini. Hawakulitaja daraja letu, wala sikutegemea, nchi nzima ile waziri atakumbuka kijito changu wapi. Lkn mbunge alisimama siku nyingine akachangia, akataja kata yetu, akasema wanafunzi wanavushwa mgongoni. Sekunde kama kumi na tano. Nilipiga kelele mpaka wa saluni akaja mbio akidhani nimepigwa shoti. Yale maneno, "wanavushwa mgongoni", yalikuwa yametoka kwenye karatasi yetu, mstari wa tatu, nimeyachapa mimi.

Mpaka ninavyoandika daraja halijajengwa. Limeingizwa kwenye mpango wa mwaka, kuna rangi nyekundu kwenye mawe pande zote mbili za kijito, na ukuta mmoja kati ya ile miwili umesharudishwa nyuma, wa pili mwenyewe anasema anasubiri aone tingatinga kwanza, na simlaumu. Vijana wa kubeba watoto bado wapo na wamepandisha bei.

Kwa hiyo nyota zangu. Mtaa nne, wangepata tano kama wangetangaza mkutano kwa zaidi ya siku moja kabla. Kata mbili, moja ya diwani na moja nimeongeza kwa huruma maana wanafanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha. Halmashauri nne, yule dada afisa mipango angekuwa duka ningemletea wateja. Mkoa siwezi kuupa, sikuwahi kuingia, barua zetu ziliingia peke yake. Dodoma nayo nimeiona kwenye simu tu, kitu cha kwenye simu unakipaje nyota? Wastani wangu tatu.

Kama na wewe unataka kuitumia hii huduma, nenda kabla ya Septemba, usisubiri tangazo. Kwanza ulizia hicho unachotaka kiko chini ya nani, utapunguza safari nusu. Beba kimoja. Kiwe na vipimo, kiwe na mahali, na kama kuna ukuta wa mtu upate saini yake kabla majirani hawajamwambia adai. Andika sentensi moja ambayo mtu anaweza kuisema kwa sekunde kumi na tano bila kusoma. Na muhtasari wa kikao omba nakala yako siku hiyohiyo, usiamini bahasha ya kaki. Fotokopi kwangu mia kwa ukurasa, kuchapa buku, na ukija na flashi yenye faili la mwaka juzi nakuambia mapema, mwaka sibadilishi tena.